Gari Likitoka kwa Fundi Rangi

Aghalabu mwenye gari lililogongwa huyahesabu masaibu yake kuwa yamekwisha siku ile anapoitwa gerejini, akalikuta gari lake limeoshwa na kufutwa, limeelekezwa mlangoni, na pale palipokuwa na bonde pamenyooka na kung'aa kiasi cha kumwonyesha wajihi wake. Hulipa kilichobaki, akapeana mkono na fundi, akatia ufunguo, akaenda zake akiwa na yakini kwamba kuanzia hapo hana la kufanya ila kuendesha. Nami nimeishi na magari umri mrefu, nikayapeleka kwa mafundi wa kila daraja, wenye majengo ya kuta na milango ya chuma na wenye kivuli cha mwarobaini tu, na yote niliyoyaona yamenithibitishia kwamba rangi inapotoka gerejini iko nusu ya safari yake, na kwamba nusu iliyosalia imo mikononi mwa mwenye gari, ambaye mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Somo hili nililisoma kwa utulivu katika Peugeot 504 niliyokuwa nayo Mombasa, zama nilipokuwa nikisomesha ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Ilikuwa motokaa ya buluu iliyokoza, ya ukoo ule uliojipatia heshima kubwa Afrika Mashariki baada ya kushinda mashindano ya Safari mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Mimi niliipenda kwa upana wa viti vyake na upole wake katika mashimo. Nilikuwa nimeiegesha karibu na Marikiti, nikiwa bado nimeketi ndani, pindi mkokoteni uliosheheni madumu ya maji ulipomshinda nguvu mwenyewe mteremkoni, na ncha ya chuma chake ikaiburura milango miwili ya kushoto tangu kitasa cha mbele hadi juu ya gurudumu la nyuma. Kijana aliyeuvuta alisimama palepale, jasho likimtiririka, akasema, "Niwie radhi, mzee wangu, breki yangu ni hii miguu." Sikumdai kitu, kwani maji yale yalikuwa yakingojwa na watu majumbani, na thamani ya mzigo wake wote isingefikia thamani ya msasa utakaotumika.

Gereji nilikoipeleka ilikuwa na mafundi wawili watu wazima walioshirikiana bila ya kuingiliana, mmoja fundi bodi na wa pili fundi rangi. Fundi bodi alilinyoosha bati kutoka ndani kwa nyundo na kipande cha chuma cha kukingia, taratibu, akipitisha kiganja juu yake huku amefumba macho, kwa kuwa mkono hulitambua bonde ambalo jicho hulipita; wala hakuikimbilia pati mpaka bati lenyewe limerudi mahali pake, akisema kwamba pati ni ya kuziba alama za nyundo na haikuumbwa kujenga mlango. Ukweli wa kauli hiyo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Pati ikiwa nene hupasuka kwa mtikisiko wa barabara, na kwa vile ina vinyweleo hunyonya maji, basi fundi akiipiga msasa kwa maji kisha akaifunika kwa praima kabla haijakauka barabara, unyevu ule hubaki umefungiwa ndani, na jua likiupasha hutafuta pa kutokea kwa kuinua rangi malengelenge. Mwenye gari huyaona malengelenge hayo baada ya miezi, akalaumu mvua, ilhali yalipandwa siku ya kazi yenyewe.

Fundi rangi naye, kabla ya kugusa chochote, alifungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, yakamwagika maji yenye rangi ya kutu yapata kikombe kizima, akaiacha wazi mpaka ikatoa hewa kavu. Hewa ya pwani ina unyevu maridhawa, nayo ikibanwa tangini unyevu wake hugeuka maji, na maji hayo yakisafiri ndani ya mpira hutua juu ya rangi mbichi yakaitoboa vitundu. Kwa sababu iyo hiyo hakupuliza asubuhi mapema wala baada ya manyunyu. Alingoja jua lipande na bati lipate vuguvugu. Rangi aliichanganya kwa kufuata namba iliyopigwa katika kibati cha gari, walakini hakuridhika na namba peke yake, maana buluu ya kiwandani ilikuwa imepauka kwa miaka ya jua, na rangi sahihi kwa mujibu wa kitabu ingekuwa kiraka kwa mujibu wa macho. Alipuliza kidogo juu ya kipande cha bati, akakitoa nje, akakisimamisha karibu na fenda, akakitazama kwa mbele na kwa ubavuni, kisha akarudi kuongeza tone. Rangi mbili huweza kulingana chini ya taa zikahitilafiana juani, na tangu siku ile sijapata kupokea gari jioni. Mimi huenda mchana peupe, nikalizunguka hatua chache kutoka ubavuni, na hapo ndipo ninapolipa.

Alipokuwa tayari alivaa barakoa ya mpira yenye vichujio viwili, akatuamuru sote tutoke. Nataja jambo hili kwa makusudi. Hadina, yaani dawa ya kugumisha rangi, inayotiwa katika rangi za siku hizi ina kemikali ziitwazo isosayanati, ambazo mvuke na umande wake ukivutwa mara kwa mara huweza kuwapatisha watu pumu isiyoondoka, na nimewaona vijana wengi wakipuliza kutwa nzima huku wamejifunga leso puani, leso ambayo haizuii lolote katika hayo. Yeyote anayependa wajihi wa gari lake na awe radhi kulipa ziada kidogo kwa gereji inayomvisha fundi wake barakoa ya haki, kwa sababu ule mng'aro anaoutamani unapita kwanza mbele ya mapafu ya mtu.

Nilimuuliza fundi rangi yule kwa nini rangi ya sasa inahitaji hadina, ilhali katika ujana wetu mafundi walitia thina tu wakapuliza. Ile ya zamani ilikuwa rangi ya seluloze, ambayo asili yake ni Duco ya kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyopakwa magari ya Oakland ya mwaka 1924. Kabla ya hapo magari mengi yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kungojewa wiki nyingi yakauke. Seluloze hukauka kwa kuruka kwa thina na si kwa jambo jingine, ndiyo maana hukauka upesi, lakini hubaki daima mateka wa thina hiyo: petroli ikimwagika kando ya mdomo wa tangi huilainisha, na kitambaa kilichochovywa thina huifuta hata baada ya miaka. Rangi ya hadina ni jamii nyingine kabisa, yenye nasaba na ilimu ya poliyurethani iliyoanzishwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Humo vitu viwili hukutana vikafungamana, na vikisha kufungamana havirudi tena kuwa maji. Lakini kufungamana huko kuna mizani yake na kuna muda wake. Fundi akiibania hadina kwa kuwa ni ghali, rangi haitapata ugumu wake abadan. Akiizidisha, itakuwa ngumu isiyo na unyumbufu, na kupasuka. Na hata akiipima kwa haki, bado muda unabaki kuwa haki ya rangi yenyewe, na muda huo ndio unaomwangukia mwenye gari.

Kiwandani bati hupakwa likiwa tupu, halina viti wala nyaya wala mipira, kwa hiyo huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 140 za Selsiasi au zaidi, na likitoka rangi yake imeiva kwa ukamilifu. Gerejini gari limekamilika na tangi lake lina mafuta. Asiyetaka kuliunguza hana budi kuridhika na joto dogo, na gereji zenye chumba cha kupashia aghalabu huishia karibu na nyuzi 60 kwa muda wa nusu saa hivi. Gereji nyingi za kwetu hazina hata chumba hicho, zina jua. Katika hali hiyo rangi hukauka juu kwa saa chache, ikagusika, ikang'aa, ikawa tayari kumdanganya mtu, na huku chini thina iliyosalia inaendelea kutoka kidogo kidogo na ule ufungamano ukijikamilisha kwa siku nyingi. Watu wa Mji wa Kale waliolelewa katika nyumba za mawe na chokaa hawatastaajabu, kwani wanajua kwamba lipu ya chokaa huonekana kavu upesi, na ndani ya ukuta chokaa ile ile ingali ikishika hata baada ya miezi. Watengenezaji wengi wa rangi hutaja siku 30 kuwa muda wa chini kabla ya kuipaka rangi mpya nta au kitu chochote cha kuifunika, na wengine huufikisha muda huo siku 60 au 90, hususan kwa rangi iliyokaushwa kwa hewa bila ya tanuri.

Fundi aliniambia hayo kwa maneno machache kuliko yangu. "Mwalimu," alisema, "usiifunike, usiisugue, usiipake kitu. Iache itoe pumzi." Nilipoifungua motokaa adhuhuri ya siku zilizofuata, baada ya kuiacha madirisha yamefungwa, nilikutana na harufu ya thina iliyokuwa imejikusanya ndani, na nilipokaribisha pua kwenye mlango wa nyuma kwa nje niliinusa hafifu palepale juu ya buluu. Harufu ile ikawa ndiyo kalenda yangu. Wiki baada ya wiki ilififia, na maadamu ilikuwepo, nilijua kazi ya ndani haijakwisha, hata kama mlango ulikuwa ukinionyesha uso wangu na mawingu ya nyuma yangu.

Jambo lililo gumu kabisa katika kipindi hicho ni kuizuia mikono. Mtu aliyerudishiwa gari lake zuri hujawa na shauku ya kulitendea wema, na wema anaoujua ni kulifunika kwa turubai usiku na kulipaka polishi Ijumaa. Jirani yangu mmoja, mtu mwema na mwangalifu, alipakiwa rangi boneti na paa wakati ule ule, naye akalifunika gari lake kwa turubai la plastiki kwa kuhofia mvua za mwisho wa masika. Mvua ikanyesha, jua likatoka, unyevu na mvuke wa thina vikakosa njia, na alipolivua turubai paa lote lilikuwa na alama za nyuzi zake, mraba mraba, zimechapwa ndani ya rangi kwa usawa wa kupendeza laiti ingekuwa ni kitambaa. Fundi wake ilimpasa aipige msasa na kuanza upya. Mvua peke yake isingeidhuru rangi ile baada ya siku zile za mwanzo. Kilichoidhuru ni kufungiwa. Polishi na nta zina hatari ya namna hiyo hiyo kwa njia ya siri zaidi, kwani nta huweka utando juu ya uso unaotaka kutoa pumzi, na polishi nyingi zina silikoni ambayo, endapo fundi atahitaji kurudia sehemu, humharibia kazi: rangi mpya ikipulizwa juu ya chembe ya silikoni hukimbia pembeni ikaacha kishimo cha mviringo, na hata dawa ya kung'arisha matairi ikirushwa na upepo gerejini huleta balaa lile lile.

Kwa hiyo katika wiki zile niliiacha motokaa yangu nje penye hewa, na hapo nikakutana na adui wa pwani ambaye hatajwi katika vitabu vya Ulaya ipasavyo, naye ni kunguru. Ndege huyu wa kijivu shingoni, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 na kuenea mpaka akaitawala miji yetu yote ya mwambao, hula kila kitu na hutoa kila kitu, na kinyesi chake kina ukali wa asidi ambao rangi iliyoiva huustahimili kwa muda, sembuse rangi changa. Adhuhuri bati la buluu iliyokoza huweza kupita nyuzi 60 za joto. Rangi hulainika kidogo na kutanuka, kinyesi hukauka juu yake kikaganda, na jioni rangi inaposinyaa alama hubaki imezama, na hiyo haiondoki kwa kuosha. Sharti kiondolewe siku ile ile, tena kwa adabu: nilikuwa na chupa ya maji na kipande cha kitambaa cha pamba ndani ya gari, nikikiloweka kitambaa na kukilaza juu ya doa kwa dakika kadhaa mpaka likalainika lenyewe, kisha nikalinyanyua bila ya kulisugua, maana kinyesi cha ndege kina mchanga na mbegu ndani yake, na kukisugua kikiwa kikavu ni kupiga msasa.

Miti nayo ina hesabu yake. Kivuli cha mkungu kimewapendeza wenye magari wengi wa Mombasa mpaka msimu wa kungu, ambapo popo huja usiku kuzila na kuacha nusu zake na choo chao juu ya paa. Mzambarau hudondosha madoa ambayo hata nguo huyakataa. Mwembe hutoa utomvu unaoganda ukawa mgumu. Nilichagua kuegesha penye jua la asubuhi na kivuli cha ukuta alasiri, wala sikuliogopa jua katika wiki hizo, kwa sababu joto la wastani huisaidia rangi ya hadina kuiva. Hofu ya jua ina wakati wake, nao ni miaka inayofuata; kwetu sisi tulio nyuzi nne tu kusini mwa ikweta jua hula rangi ya paa na boneti kabla ya sehemu nyingine zote, na magari yenye klia, ule mpako angavu, juu ya rangi huonyesha ulaji huo kwa klia kuwa nyeupe na kubanduka vipande vipande.

Kisha ipo chumvi. Anayevuka Likoni kila siku hupigwa na manyunyu ya bahari, hususan kusi ikivuma, na matone yale yakikauka huacha chumvi ambayo haitulii. Huvuta unyevu hewani usiku, ikawa maji tena, ikaganda tena mchana, na katika kila mzunguko hutafuta upenyo. Rangi kamilifu huizuia. Lakini gari lililotengenezwa lina kingo mpya, lina mahali rangi mpya ilipokutana na ya zamani, lina vichwa vya skrubu vilivyofunguliwa na kufungwa, na hapo ndipo chumvi huanzia. Dawa yake ni maji mengi, na hapa msomaji wa Mombasa atanielewa upesi: yapasa yawe maji matamu. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na kuliosha gari kwa hayo ni kuibadili chumvi ya bahari kwa chumvi ya kisima, na kuongeza madoa meupe ya mviringo kila tone linapokaukia juu ya bati la moto. Maji ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, yalipokuwa hayatoki, nilinunua dumu kwa watu wa mikokoteni, nikalitumia kwa hesabu, nusu kwa kuosha na nusu kwa kusuuza.

Namna ya kuosha ndiyo iliyonitenga na vijana wa kuosha magari, ambao naishukuru bidii yao lakini sikuwakabidhi milango ile. Chombo chao kikuu ni ndoo moja na fulana kuukuu. Fulana hufuta matope ya gurudumu, huchovywa ndooni, hukamuliwa, kisha hupanda boneti na mchanga wake wote, na sabuni yao ni ya unga iliyokusudiwa nguo, kali kwa uchafu na kali kwa rangi pia. Wengine humalizia kwa dizeli au mafuta ya taa ili gari ling'ae, nalo hung'aa kweli kwa saa chache, kisha likakusanya vumbi la mji mzima, na rangi changa ikawa imeogeshwa katika kitu kilicho ndugu wa thina. Mimi niliosha asubuhi bati likiwa baridi, kwanza kwa kumwaga maji tangu paa hadi chini ili mchanga uondoke wenyewe, halafu kwa sabuni laini ya kuoshea magari katika ndoo moja na maji matupu ya kusuuzia kitambaa katika ndoo ya pili, nikianza juu na kumalizia chini, na magurudumu yana kitambaa chao ambacho katu hakipandi. Mkono niliupitisha kwa mistari iliyonyooka kufuata urefu wa gari. Asuguaye kwa kuzungusha huacha mikwaruzo myembamba ya mviringo, ambayo haionekani kivulini lakini jua la saa nne likiimulika huenea mlango mzima, na rangi iliyokoza haisitiri chochote. Baada ya hapo nilikausha kwa kitambaa laini kwa kukilaza na kukiburura polepole, bila ya kukandamiza.

Harufu ya thina ilipokwisha, na fundi mwenyewe alipokuja siku moja nyumbani kwa shughuli nyingine akaigusa milango kwa ukucha mahali pa siri chini ya mpira na kuridhika, ndipo nilipoipaka nta kwa mara ya kwanza. Nta ni kitu chema katika wakati wake. Haigeuzi rangi mbaya kuwa njema, lakini huyafanya maji yateleze, humkawiza kunguru, hupunguza njia za chumvi, na kwa hali ya hewa yetu huisha upesi kuliko ilivyoandikwa koponi, hata ni afadhali kuipaka nyembamba mara nyingi kuliko nene mara moja kwa mwaka. Ninachokitofautisha nayo kwa nguvu zote ni ile dawa ya kusugulia, kompaundi, inayouzwa katika makopo yanayofanana na ya nta na kutumiwa na watu kana kwamba ni kitu kimoja. Nta huongeza na kompaundi hupunguza. Rangi yote ya gari, tangu praima hadi juu, unene wake ni takribani sehemu moja ya kumi ya milimita au kupita kidogo, na kila msuguo huchukua fungu lake katika akiba hiyo ndogo.

Niliyaona matokeo yake katika Morris Minor ya ammi yangu, ambaye aliisugua kila alipopata nafasi kwa huba ambayo sijapata kuiona mtu mwingine akiwa nayo kwa chombo cha chuma. Kitambaa chake kilitoka kila mara na rangi ya kijani ya gari lenyewe, naye akifurahi kuona uchafu unatoka. Baada ya miaka, katika ukingo wa boneti na juu ya mistari ya milango, ambako rangi hujivuta na kuwa nyembamba tangu siku ya kwanza, ulijitokeza ukanda wa praima ya kijivu upana wa uzi, kisha upana wa kidole, na hakuna polishi iliyoweza kuurudisha. Namkumbuka kwa heshima, na kwa sababu yake siwaachii mafundi mashine ya kusugulia ikaribie kingo za gari langu pasipo kwanza kuzikinga kwa utepe wa karatasi, na utepe wenyewe huuondoa siku ile ile, kwani ukikaa juani gundi yake hung'ang'ania.

Yako pia mambo ambayo mwenye gari hawezi kuyatibu kwa uangalifu wowote, na ni haki ajue kuyatenga ili asijilaumu wala asimdhulumu fundi. Mistari ya msasa inayojitokeza wiki kadhaa baadaye, uso uliokuwa laini ukionekana umezama juu ya pati, malengelenge yaliyojipanga mahali pamoja, uso wenye vinundu kama ganda la chungwa uliokuwepo tangu mwanzo ila haukuonekana kwa furaha, hayo yote ni kasoro za kazi. Gari na lirudishwe lilikotoka mapema, kwa maneno ya staha, pamoja na stakabadhi na namba ya rangi iliyotumika, ambayo kila mwenye gari angepaswa kuidai na kuihifadhi, kwani mchanganyiko wa siku ile, pamoja na lile tone lililoongezwa juani, hautapatikana tena kwa kukisia. Milango yangu ilitoa mstari mmoja wa msasa karibu na kitasa. Fundi aliutazama, akasema, "Huu ni wangu," akaitoa kasoro ile kwa msasa mwembamba na kompaundi kiasi cha kiganja, wala hakutaka malipo.

Lakini sehemu iliyoamua umri wa kazi ile haikuwa nje. Mlango wa gari ni mfuko wa bati. Mvua huingia kwa juu kando ya kioo, hushuka ndani, na hutoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini ukingoni. Fundi anaponyoosha mlango kwa nyundo kutoka ndani hupasua rangi na mipako ya kiwandani kwa upande usioonekana, na asipoirudisha, bati lile linabaki uchi mbele ya maji na chumvi, nalo huoza kutoka ndani kuja nje, chini ya rangi ambayo mwenyewe anaipaka nta kwa uaminifu. Aidha, pati na rangi huweza kuviziba vile vitundu, na mlango ukawa birika. Kabla ya kuipokea motokaa nilipiga magoti pamoja na fundi bodi, tukavipitishia vitundu vyote kijiti kimoja kimoja, tukakuta viwili vya mlango wa nyuma vimezibwa na praima. Akavizibua, akaondoa ubao wa ndani wa mlango, akapaka mahali alipopiga nyundo kwa praima ya kuzuia kutu, na juu yake akapitisha mafuta mazito yenye nta yanayotambaa hadi katika viungo. Kila mwaka, kabla ya masika, nilivizibua tena kwa kijiti, nikamwaga kikombe cha maji kando ya kioo na kusikiliza kama yanatoka chini. Motokaa ile niliiuza baada ya miaka mingi kwa mtu wa Kilifi, ambaye aliizunguka mara mbili, akagonga milango ya kushoto kwa kifundo cha kidole, akauliza kama imewahi kugongwa, nami nikamwonyesha tangu wapi hadi wapi, nikampa namba ya rangi katika karatasi, na kijiti nikamwachia ndani ya kisanduku cha mbele.